Kitenzi cha Ijumaa

Ubao wetu ni mlango wa ghala la kahawa,
umeng'olewa bawaba, umeegemezwa ukutani.
Soko la Lubiriha linafunga mizigo,
wachukuzi wanarudi Kongo na ndoo tupu vichwani,
nami naandika kwa chaki ya kuazima: NUNUA.
"Sentensi moja kila mtu. Kiswahili cha sokoni mnacho,
leo tunakivalisha viatu."

Masika akaanza, kwa kuwa huanza yeye:
"Nilinunua vitenge sita ng'ambo ya mto,
nikavivaa vyote sita, nikavuka daraja,
askari akanipisha: Pole mama, miezi mingapi?"

Bwambale wa bodaboda: "Mimi nilinunua kesi."
Ya nani? "Ya watu. Wawili walikuwa wanapigana,
nikatia neno moja. Wao wakapatana.
Mimi nikalala polisi."
Nikaandika pembeni: kesi, ugomvi, maneno,
bidhaa zisizohitaji hela mfukoni
wala hazirudishwi dukani.

Thembo alinunua dakika za kumpigia bintiye Kampala.
Zikakatika wangali kwenye salamu,
hawajamaliza majirani, hawajafika kwa mbuzi.

Muhindo, mwandiko wa kuku, akasoma kwa sauti:
"Jana nilinuna kilo mbili za sukari."
Wakacheka. Silabi moja imeanguka njiani.
Nilinyanyua chaki nimsahihishe,
nikakumbuka bei ya sukari,
nikaiacha sentensi ilivyo.

Kisha Baluku, polepole, kama anayehesabu chenji:
"Mgombea alikinunua kilima chetu
kwa chumvi ya Katwe na miche ya sabuni.
Chumvi tukala. Sabuni tukaoga.
Kura tukampa mwingine.
Mwalimu, yule alinunua, au hakununua?"
Sarufi haikunifundisha hilo.
Nikasema tu: kuna vitenzi
ambavyo hatujui vimetendeka
mpaka mzigo ufike nyumbani.

Nikageukia minyambuliko, huko kuna usalama.
Nunulia: Masika amemnunulia mwanawe kalamu.
Nunulika: kwa bei hii, nyanya hazinunuliki.
Nunuliwa.

Hapo Mbambu, asiyesema darasani,
anayekaa karibu na mlango uliobaki mlango,
akauliza: "Hicho cha mwisho, ni cha vitu tu?"
Nikamwambia, kwa kawaida.
"Mbuzi kumi na wawili walikuja kwetu.
Baba aliwapokea kwa wimbo, akasema
hii ni asante, si bei.
Mume wangu akilewa hutumia kitenzi chako.
Mimi humwuliza: risiti iko wapi?"

Darasa likaangua kicheko, Bwambale akapiga benchi.
Yeye hakucheka.
Akainuka, akaja mpaka mbele,
akapitisha kiganja ubaoni mara moja,
haraka, kama mtu anayefukuza nzi.
Nusu ya neno ikaondoka na mkono wake.
Nusu ikabaki:

LIWA.

Tukaitazama wote. Hata kicheko kikatafuta pa kukaa.
Nje mtu alikuwa anapigia mnada wa mwisho
samaki wa chumvi, mafungu matatu kwa bei ya mawili.
Mbambu akashika ncha ya leso yake,
akalowesha kwa mate,
akaifuta na hiyo, herufi moja moja,
mpaka mbao ikaonyesha mishipa yake.

Sikuandika kingine jioni ile.

Ijumaa iliyofuata aliwahi kabla ya taa.
Daftari jipya, kurasa tisini na sita,
bei bado imebandikwa kwenye jalada.
Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza:
Nimejinunulia daftari hili.

Kalamu yangu nyekundu ilitafuta kosa, haikuona.
Ila nukta ya mwisho aliikandamiza sana,
ikatoboa hadi ukurasa wa tatu.