Mto Usio na Kelele

Kioo kilipasuka, masista wakamletea fundi Ambakisye
picha ya Ufaransa, ya karne ya juzi:
mto wa wino, miti imeinama kama inakunywa,
mwanamke na ndoo, ametupa mgongo.

Mama yake, anamenya magimbi mlangoni:
"Mto gani huu, kimya hivi? Unaumwa?
Kiwira hata usiku unagombana na mawe."

Fundi akacheka, akapima fremu.

Usiku mvua ya Tukuyu ikapata tundu la bati.
Asubuhi doa la rangi ya chai
limeteremka toka mawinguni mwa Wafaransa
hadi ndani ya ndoo.

Fundi kashika kichwa. Masista atawaambia nini?

Mama akafuta mikono, akasogea.
"Mwache," akasema. "Ndoo imejaa.
Sasa atageuka."