Mashine Namba Nne

Nyuma ya picha, kwa kalamu ya risasi:
"Mashine Na. 4, Tabora, pamoja na wahudumu."
Mashine ina namba. Wahudumu hawakuhesabiwa.

Ni watano. Wa tatu kutoka kushoto ni bibi yangu,
Nyamizi binti Kapela, wa Isevya,
aliyetoka kwenye tumbaku ya baba yake kwa miguu
akaingia kwenye kelele akiwa na miaka kumi na tisa.

Mpigapicha aliitwa Jivraj. Alikuja na miguu mitatu
ya mbao, shuka jeusi, na dharau kidogo.
Akaipangusa mashine grisi
kwa kanga ya Kalunde, bila kuomba,
akaizunguka kama mposaji,
akataka madirisha yote wazi, jua liingie
limpambie bibi harusi wake wa chuma.
Akanong'ona na fundi mkuu. Swichi ikashuka.

"Tulisikia masikio yetu," bibi alisema.
Tangu aajiriwe hakuwahi kusikia mle ndani
njiwa juu ya bati,
behewa likigonga behewa kule stesheni,
wala Kalunde akikohoa. Kumbe alikuwa anakohoa.

"Msitikisike. Hesabuni nane, kimoyomoyo."

Moja. Mbili. Bobini mia mbili zimetulia,
zimevaa nyeupe kama waendao Idi.
Tatu. Nne. Vumbi la pamba linashuka ndani ya mwanga.
Tano,
na hapo mkono wa bibi ukaondoka wenyewe
kwenda kuunga uzi ambao haukukatika.

Chumbani gizani, Jivraj alipoisafisha picha,
kwanza pamba ya nywelezi mwao ilikuwa masizi
na nyuso zao nyeupe pepe.
Kisha karatasi ikageuza mambo,
ikamrudishia kila mtu rangi yake.
Mkono haukurudi.
Upo pale kama mvuke wa chai,
vidole huvihesabu.

Kampuni iliikataa, ilitaka ya kalenda.
Imeharibika, walisema, mwanamke katikisika.
Ndiyo sababu tunayo sisi,
bure, imeviringishwa kwenye gazeti.

Mashine iliuzwa kwa kilo.
Humu bado ina kila jino, kila skrubu,
na ni nzuri, sitadanganya, nzuri kuliko wote watano.

Bibi hakuipenda hata siku moja.
"Mkono wangu kauharibu yule," alisema,
hawezi tena kuinuka kitandani,
na vidole viwili, wakati anasema,
vinasokota ncha ya shuka.