Farasi Arubaini Ndani ya Kiberiti

Mundhir alinijia Wadi Kabir saa tano ya asubuhi,
mwezi wa saba, bati la gereji linalia kwa joto,
akakitoa mfukoni kama mtu anayetoa jino la dhahabu:
kisanduku cheusi, ukubwa wa kiberiti,
mdomo wa pini kumi na sita.
"Chipu hiyo, fundi. Riyali thelathini na tano, kutoka Sharja.
Inaongeza farasi arubaini."

Nikakipima kiganjani. Chepesi.
Nikamuuliza, farasi arubaini hao
wanalala wapi humu? Majani nani anawapa?
Akacheka, lakini kwa upande mmoja wa mdomo,
maana Ijumaa iliyopita, kule Bidiya,
Patroli lake lilimfia katikati ya mlima wa mchanga,
watu wanatazama,
na binamu yake Yaarub akampita kwa honi,
akapanda mpaka kileleni, akashuka, akajimiminia chai.

Mimi si wa kumcheka aliyefedheheka.
Nikakichomeka chini ya usukani.
Taa ya kijani ikawaka, ikapepesa,
naye akaapa, hata getini hatujafika,
kwamba injini imebadilisha sauti.

Basi tukaenda kwa Shaji mwenye mashine ya kupimia nguvu.
Gari hufungwa minyororo, magurudumu juu ya mapipa ya chuma,
likimbie, likimbie, lisifike popote,
na karatasi itoe jibu.
Bila kisanduku: mia moja themanini na mbili.
Na kisanduku: mia moja themanini na moja.
Shaji akafuta miwani, akarudia.
Mia moja themanini na moja na nusu.
"Nusu hiyo," nikasema, "ni ya taa."

Nikakipasua kwa bisibisi ndogo.
Ndani: taa, kipingamizi kimoja, waya mbili,
na nafasi tele ya kufugia kuku.
Pini kumi na nne hazikushikana na kitu.
Mbuzi wa kwenye gunia angalau hulia.
Huyu hata kinyesi hakuacha.

Sisemi kompyuta ya injini haiguswi.
Huguswa. Nimeshuhudia
gari la tabo likiandikwa upya, tarakimu kwa tarakimu,
saa ya cheche, kipimo cha mafuta, pumzi ya tabo,
likapata farasi hamsini wa haki, wenye kwato.
Lakini farasi wa haki wanakula.
Wanakula petroli, wanakula klachi,
na mwezi wa nane, njia ya Adam, nyuzi arubaini na nane,
waliila pistoni ya tatu ya bwana mmoja wa Nizwa,
ikatoka na tundu, nyeusi pembeni,
kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni.

Injini yako haina tabo, Mundhir.
Inapumua kwa pua yake. Kwanza tuipenge.

Tukafungua chujio la hewa.
Nilitandika gazeti, nikaligonga,
Bidiya nzima ikamwagika juu ya habari za michezo.
Chujio jipya, riyali tatu na baisa mia mbili.
Plagi sita.
"Na ukifika mchangani, toa upepo wa tairi mpaka kumi na mbili.
Usione haya tairi kulegea."

Akalipa. Akasita mlangoni.
"Kisanduku changu?"
Nikakigandisha kwa gundi, nikampa.
"Taa yake nimeshaizoea," akasema, hakunitazama.

Ijumaa alipanda. Mara mbili.

Jumapili nikakuta vijana watano mbele ya gereji,
kabla sijavuta shata.
"Tunataka kile cha Mundhir. Chenye taa ya kijani."
Nikawaeleza: mchanga, chujio, upepo wa tairi.
Wakanisikiliza kwa adabu,
kama mgonjwa anavyomsikiliza daktari
aliyekataa kumpiga sindano.
Wanne wakaondoka kuelekea Sharja.
Wa tano, mdogo wao, leseni bado inanukia plastiki,
akabaki anachora vumbi kwa ncha ya ndara.

"Fundi," akanong'ona, "basi hata taa tu huna?"

Nikafungua droo.