Alikua

Alhamisi saa nne baba yangu alifariki
katika simu za watu mia mbili.
Mwenyewe alikuwa kinuni Chavakali,
foleni ndefu, debe la mahindi miguuni,
akibishana na mwenye kinu juu ya shilingi tano.

Picha waliichopoa ukurasani pake,
ile ya harusi ya Kageha, tai imepinda.
Wakaiondoa rangi, wakaitia mshumaa pembeni,
na chini yake namba ya kutuma mchango.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Mwalimu Eliakimu Lugadiru.
Alikua mwalimu hodari. na baba wa wengi.
Alikua mtu wa watu. Hospitali imezuia mwili.
Chochote ulicho nacho."

Na watu, kwa kuwa ni watu, walituma.
Muuguzi aliyeko Doha akatuma ujira wa siku tatu.
Muuza mrenda wa Majengo akatuma hamsini
akaomba radhi kwa uchache wake.
Mimi nilikuwa kazini Kisumu.
Niliipata tanzia ya baba kama mpita njia,
nikampigia, hashiki,
nikafika nyumbani kwa miguu isiyo yangu.

Nikamkuta uani, unga hadi kwenye nyusi,
mweupe kama mzuka,
akiuliza kwa nini Mama Vugutsa analilia viazi.

Nikampa simu. Akavaa miwani.
Nilingoja laana, au presha ipande.
Akasema: "Niletee kalamu nyekundu."

Akainakili tanzia yake daftarini
kwa mwandiko ule wa ubaoni,
kisha akaisahihisha.
Kila penye "alikua" akazungusha duara.
"Mti hukua. Mtoto hukua.
Aliyekwisha kupita ndiye alikuwa.
Miaka mitatu nilimwambia Chahilu, dawati la dirishani,
naye anachora magari."

Baba, nikasema, nusu ya nchi huandika hivyo.

"Nusu ya nchi haiweki nukta kabla ya 'na'.
Huyo ni mmoja tu."

Chahilu.
Ndiye aliyemfungulia baba ukurasa huo mwaka jana,
kidole juu ya kidole, bonyeza hapa Mwalimu,
hata kila Jumapili jioni baba akawa anaweka fumbo la hesabu
na wanafunzi wa zamani wakajibu kutoka Eldoret,
kutoka melini, kutoka jikoni mwa watu ughaibuni,
wakigombania alama kama wana miaka kumi na miwili.
Mlango aliofungua kwa mkono wa kulia
akauingilia usiku kwa wa kushoto.

Kituoni Mbale afisa akauliza marehemu ni nani.
Baba akanyoosha mkono, kama mwanafunzi.

Pesa? Nyingine zilirudi. Nyingi zilishaliwa.
Muuza mrenda alikataa hamsini yake:
"Mwalimu, iweke, siku ipo."

Lakini usiku ule baba hakulala.
Alikaa na simu, akisoma rambirambi zake.
"Alinilipia mtihani, sikuwahi kumshukuru."
"Nilijifunza kugawanya kwa machungwa yake."
Na moja, ya mtu asiye na picha:
"Alinichapa bila kosa, 1988, mbele ya darasa zima.
Alale pema. Nimejaribu kumsamehe."

Saa tisa nikasikia vidole vyake vizito
vikitafuta herufi moja baada ya nyingine.
Asubuhi nikaliona jibu:
"Niko hai. Ulikuwa huna kosa. Nakumbuka.
Nipe namba yako, nikuombe msamaha kwa sauti."

Chahilu naye aliandika, wiki mbili baadaye, kutoka rumande,
kwa simu ya kuazima: "Mwalimu nisamee."
Baba akamrudishia herufi moja tu: h.
Mpaka leo sijui kama huo ulikuwa msamaha.

Tangazo lilifutwa. Daftari bado lipo,
chini ya redio, kurasa zimejikunja.
Jana nililifungua.
Duara la kwanza liko palepale.
La pili amelikata kwa mstari,
na kando ya "alikua", kwa wino uleule mwekundu,
ametia alama ya vema.