Stakabadhi ya Nafasi Tupu

Mimi ndiye yule mama wa kizibao cha kijani,
wa daftari la kaboni na kalamu iliyofungwa uzi.
Hapa Arua, kutoka duka la magodoro
hadi ukuta wa shule, nina nafasi kumi na tisa za maegesho.
Nazijua kama ulimi unavyoyajua meno.

Shilingi mia tano kwa saa.
Nikibana karatasi chini ya waipa
wenye magari hunitazama kana kwamba
ni mimi niliyepandisha bei ya mafuta.
Sibishani. Naandika namba, saa, kiasi.
Karatasi haina mstari wa mengineyo.

Ile ya kumi na tisa iligusa kivuko cha watoto,
mistari iliyolambwa na magurudumu
ikabaki kama chaki ubaoni baada ya kengele.
Malori ya kwenda Koboko yaliipenda:
ina kivuli, na mpika chapati yuko karibu.
Nami niliiuza. Kila siku niliiuza.
Andikeni hilo kwanza, kabla ya mengine.

Jumanne ile lilikuwa lori la saruji,
pua yake juu ya mistari.
Saa moja na dakika arobaini asubuhi;
nakala ninayo, mwandiko ni wangu.
Ayikoru, darasa la tatu, chupa ya uji mkononi,
alisimama ukingoni, akaangalia kulia
kama alivyofundishwa,
akaona turubai.
Alioni, na bodaboda yake, abiria mmoja, kuku wawili,
aliliona turubai lile lile kwa upande wa pili.
Watu wawili wakitazamana
kupitia mifuko mia sita ya saruji.

Mimi sikuona. Nilisikia kuku.

Dereva wa lori alinipa noti ya elfu,
akasimama pale pale, akingoja chenji.

Mguu umepona, ila una mwendo wake.
Alioni aliuza pikipiki kulipia hospitali;
siku hizi anasukuma mkokoteni wa maji,
na akifika kivukoni husimama
hata kama hapiti mtu.

Nikaenda ofisini. Nikasema, tuifute kumi na tisa.
Bwana Etoma akafungua faili, akalifunga.
Mkataba unasema kumi na tisa, akasema,
na hesabu ya jioni haina habari za miguu.

Basi nikavingirisha tairi bovu kutoka kwa fundi Rasuli,
nikalijaza udongo, nikapanda pilipili,
maana maua yangeliwa na mbuzi.
Elfu moja asubuhi, saa ya kuingia shule,
elfu moja jioni, kengele ya kutoka:
nalipa mimi.
Ni pesa ya sukari. Chai imeshanizoea.
Saa zilizobaki nasema nafasi haikupata mteja.

Naandika kwa mwandiko wangu mzuri, ule wa siku ya mtihani.
Gari: hakuna.
Namba: hakuna.
Kiasi: kimepokelewa.
Etoma hupiga muhuri bila kusoma.

Juzi dereva mmoja kanipigia honi.
Mama, toa hilo tairi, nafasi hii ni ya nani?
Imelipiwa, nikamwambia, nikampa karatasi.
Akaisoma. Akaigeuza, akatafuta nyuma.
Akanitazama mimi, akaitazama pilipili,
akapiga gia ya nyuma, akaenda zake
na karatasi yangu.

Sijui deni hili lina saa ngapi.
Najua tu kwamba leo, saa moja na dakika arobaini,
Ayikoru alifika ukingoni na mwendo wake,
hakunisalimu, alikuwa ana haraka,
akaangalia kulia,
akaona barabara,
barabara tu, hadi kule dukani,
ambako kijana mmoja alikuwa anatoa nje
godoro la buluu, akiliegemeza juani.