Injini Kwenye Chumba cha Mbegu

Bodi ipo Makambako kwa mchomeleaji
anayesema "wiki ijayo" tangu Pasaka.
Injini ipo hapa Bulongwa, imekwisha:
silinda zimechongwa, ringi mpya,
gasketi niliipakata mapajani kutoka Mbeya
kama mtu aliyetumwa keki ya harusi.

Sasa ni Juni. Alfajiri sakitu imelala juu ya pareto,
maji ya ndoo yameota ngozi,
chuma ukikigusa kinang'ata.
Na unyevu hauna haraka. Unaingia kama mgeni
anayesema sikai, halafu anauliza mkeka uko wapi.

Basi nimeisitiri.
Nimeikalisha juu ya magogo mawili ya paini, si sakafuni.
Kila tundu la plagi nimelinywesha oili, kijiko cha supu kimoja
(Ikupa bado anakitafuta kijiko),
nikaizungusha kwa mkono hadi mafuta yakajipaka yenyewe,
plagi nikazirudisha.
Njia za hewa na moshi nimeziba kwa kanga chakavu,
maana panya wa huku hawabishi hodi:
mwaka juzi walizalia ndani ya ekzosi ya Chaula,
akawasha,
na aliyoyasema siyaandiki.
Kando nusu gunia la mkaa, linywe ukungu.
Juu blanketi la mistari, kisha turubai.

Ikupa anaingia na taa kuchambua mbegu za viazi.
"Hivi vina macho," anasema, "vitaamka vyenyewe.
Hilo lako nani ataliamsha?"
Sina jibu. Namshikia taa.

Kila Jumapili, kabla ya kengele ya pili,
nafunua, natia spana ya ishirini na mbili kwenye nati ya puli,
nusu mzunguko, basi,
ringi zisigandie mahali pamoja
kama sisi wa benchi la nyuma.
Ndani inatoka pumzi fupi: fyuu.
Nafunika.

Leo Obadia alikuwepo. Akauliza kama inaota.
Nikamwambia injini haioti, huo ni mgandamizo wa hewa,
nikamtuma kuni.

Usiku baridi inapasua mianzi nyuma ya nyumba.
Nimelala macho naihesabu barabara:
Iwawa, Tandala, Ikonda, kona juu ya kona,
gia ya pili, gunia thelathini za viazi mgongoni,
honi kwa kila ninayemjua,
na gari lenyewe
halina hata mlango.