Dalili ya Kwanza

Kazi ni ya kufua mashuka ya hospitali, Aberdeen,
lakini kwanza walitaka damu yangu.
Vichupa vinne. Nesi Morag akavigeuzageuza taratibu
kama anayebembeleza mtoto asiyelia.

Baada ya wiki mbili akanipigia simu: njoo.
"Una kikohozi?" Sina.
"Unatoka jasho usiku?" Katika mji huu, dada,
mimi hulala na koti na jozi mbili za soksi.
"Umepungua?" Akaitazama suruali yangu.
Tukacheka sote.

Kisha akasema: damu imejibu ndiyo,
picha ya kifua imejibu hapana,
na zote mbili zimesema kweli.
Vijidudu vimo. Vimelala.
Hukohoi, huambukizi, si mgonjwa.

Basi mimi ni nani?

Akageuza fomu: kisanduku cha mzima,
kisanduku cha mgonjwa,
na katikati weupe wa karatasi.
Hapo ndipo alipoandika, kwa kalamu ya buluu,
Tabu Kasembe.

Kwetu tunasema mficha maradhi kifo humuumbua.
Sikuficha. Nilifichwa.
Miaka kumi na tisa nimekibeba kifua hiki
toka chumba cha Ujiji tulimolala sita,
mjomba Sadala akikoholea kanga ya bibi
nasi tukisema ni moshi, ni moshi tu.
Uwanja wa ndege walipekua hadi unga wa muhogo,
wakauchoma kijiti, wakaunusa.
Mimi wakanipitisha.

Kikulacho ki nguoni mwako, sawa,
ila hiki hakijanila.
Kimekaa kama kaa ndani ya jivu
kinasubiri nizeeke.

Miezi mitatu ya vidonge, kabla ya chai.
Morag alinionya kuhusu rangi, nikasahau.
Asubuhi ile nilipiga kelele chooni
hadi jirani akagonga ukuta:
mkojo wa machungwa, mkojo wa fanta!
Na jioni mama alipopiga, kuniambia
kaburi la mjomba limejengewa hatimaye,
nikajifuta macho,
leso ikatoka na rangi ileile.

Dalili yangu ya kwanza,
na si ya ugonjwa.

Jumatatu nimeanza kazi.
Msimamizi, Greig, mtu wa maneno machache,
ameniokotea shuka moja toka kwenye kikapu,
halina doa, halina hata mkunjo.
"Na hili pia," akasema, "lichemshwe."
Sikumuuliza kwa nini.